Suruali Ndefu ya Mwanangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu upande wa Njoro. Sijazoea kulia mbele za watu. Lakini haya nitakayowasimulia yamenikaa kooni miaka yote hii, na nisipoyatoa yatanimaliza!

Mungu alinijalia mtoto mmoja tu wa kiume. Nilimpa jina la baba yangu, Mwangi. Baada yake mke wangu Wanjiru hakuzaa tena, kwa hiyo mnaweza kufikiri wenyewe jinsi tulivyompenda. Hata uji ukipoa kidogo tulikuwa tunamrudishia jikoni.

Mwaka ule Hali ya Hatari ilipoanza, serikali ya wazungu ikiwasaka waasi wa Kikuyu, Mwangi alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa amerefuka ghafla hadi akanipita mimi baba yake, lakini akili yake ilikuwa bado ya kukimbizana na ndama. Likizo ya Krismasi ilipofika, akatahiriwa pamoja na vijana wa mashamba ya jirani. Hakutikisa hata ukope. Ah, siku ile nilivimba kichwa!

Kwetu sisi Wakikuyu, kijana akishatahiriwa si mtoto tena. Ukimwita mtoto umemtukana. Naye akijiita mtoto, amejivua nguo mbele ya rika lake. Na kitu cha kwanza anachokitamani ni suruali ndefu, maana kaptura ni ya watoto. Nilikuwa nimemwahidi kwamba akipona nitampeleka Nakuru akashonewe yake. Nilijinyima tumbaku mpaka ahadi ikatimia.

Siku zile Mkikuyu hakuweza kutoka shambani bila barua ya bwana wake. Nikamwendea bwana. Akaniandikia kwamba mimi na mtoto wangu tumeruhusiwa kwenda mjini na kurudi siku hiyo hiyo. Mwangi, aliyekuwa akisoma katika shule ya shambani, aliisoma ile barua akanuna. Kwa nini ameandikwa mtoto? Nikamcheka, nikamwambia mzungu anajua nini mambo yetu. Kama ningejua... Laiti ningejua!

Tulipanda lori la maziwa asubuhi. Dereva alikuwa Barasa, mtu wa Kakamega, mcheshi sana. Njiani nikaanzisha mchezo wangu. Nilimwambia Barasa kwamba huyu niliye naye ni mtoto tu, asimjali. Mwangi akaruka mara moja.

"Mimi si mtoto. Mimi ni mwanaume. Muulize baba yangu."

Barasa akacheka hadi akakaribia kututumbukiza mtaroni. Mimi nikatoa peremende mfukoni nikampa kijana wangu kwa jibu lake zuri.

Siku nzima tukaendelea hivyo. Kwa fundi wa cherehani, pale verandani kwa duka la Mhindi, nilisema nimemletea mtoto apimwe. Mwangi akajibu vilevile, na fundi akampigia makofi. Suruali ilipokuwa ikishonwa tukaenda stesheni kutazama injini ikijazwa maji. Kutoka pale tukatembea hadi ziwani kuona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wamejaa ukingoni mpaka maji hayaonekani. Mwangi alisahau uanaume wake wote akawakimbilia huku akipiga kelele ili waruke. Niliketi kwenye nyasi nikamtazama. Sijapata furaha kama ile tena, wala sitaipata.

Mchana akavaa suruali yake. Ilikuwa ya kijivu, yenye mkunjo uliosimama. Kaptura yake ya zamani nikaitia kikapuni. Tukaingia hotelini tukanywa chai na mandazi. Alizoea kushika kikombe kwa mikono miwili, lakini siku ile, baada ya kunitazama mimi, akakishika kwa mkono mmoja. Nikamwambia mwenye hoteli amwekee mtoto sukari zaidi. Akajibu kama nilivyomfundisha. Nikampa peremende ya mwisho.

Jioni haijafika, tukarudi kwa lori la Barasa. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Kabla ya kupanda, Mwangi aliniomba avae kaptura yake. Alihofia suruali itajaa vumbi na mafuta ya madebe, naye alitaka mama yake aione ikiwa safi.

Mimi nikakataa! Nilimwambia mwanaume harudi kwenye kaptura. Nilitaka Wanjiru amwone akishuka kwenye lori akiwa mtu mzima. Je, ningepungukiwa na nini kama ningemruhusu? Kiburi changu, basi. Hicho tu.

Tulipotoka mjini tukakuta barabara imefungwa. Askari walikuwa wengi, wenye bunduki, na kando yao lori lililozungushiwa wavu wa chuma. Wakikuyu wote wakaamriwa kushuka. Wanawake na watoto upande mmoja, wanaume upande wa pili. Nilimwona kijana wa rika la Mwangi, aliyetahiriwa pamoja naye, akisukumwa upande wa watoto kwa sababu alikuwa amevaa kaptura. Mwangi alisukumwa upande wetu. Wala hakusita! Alisimama kando yangu na kifua mbele.

Askari akaisoma barua yangu, akanitazama, akamtazama Mwangi.

"Barua inasema mtu moja na toto," akasema. "Toto iko wapi?"

Nikaelewa papo hapo nilichokifanya. Barua ilikuwa ya mtu na mtoto wake, na hapa walisimama wanaume wawili, mmoja hana barua.

"Ni huyu, afande," nikasema. "Huyu ni mtoto."

Askari akampima kuanzia viatu hadi utosini, akacheka. Kisha akamuuliza mwenyewe kama yeye ni mtoto. Mwangi akanigeukia. Nilimkazia macho, nikatikisa kichwa, nikasema tena kwa sauti kubwa kwamba huyu ni mtoto tu, mtoto mdogo...

Mwanangu akatabasamu.

Lile tabasamu, jamani! Lilikuwa lile lile la kwa fundi, lile lile la hotelini. Je, alidhani ninamjaribu tena? Au aliona haya kwa kuwa mwenzake wa rika alikuwa akimtazama? Sijui. Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma, na sijui.

"Mimi si mtoto," akamjibu askari. "Mimi ni mwanaume. Muulize baba yangu."

Nilipiga magoti. Nikaingiza mkono kikapuni nikatoa kaptura, nikaitikisa mbele yao wote nikilia kwamba tazameni, hii ndiyo nguo yake, alikuwa ameivaa asubuhi! Wakaniona mwendawazimu. Mmoja akanisukuma kwa kitako cha bunduki nikaanguka kwenye changarawe. Nilipoinuka, Mwangi alikuwa tayari anapanda lile lori la wavu. Alikuwa amekunja miguu ya suruali yake kidogo ili isichafuke.

Mimi niliachiliwa. Barua yangu ilikuwa sawa.

Wanjiru alikuwa amesimama nje akitusubiri. Alipoona nimeshuka peke yangu hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu, kama Mwangi amevaa nini. Nilipomwambia, alininyang'anya kikapu, akaichukua kaptura akaingia nayo ndani.

Kesho yake nikamlilia bwana. Alikasirika kwa dhati, akapiga simu huku na huku. Kila alikopiga alijibiwa kwamba hawana mtoto wa jina hilo. Hawana mtoto! Walikuwa na mtu mzima wa jina hilo, lakini bwana alikuwa akiuliza habari za mtoto, na hakuna aliyekwenda kutazama. Nilitembea kwa miguu hadi Gilgil kwa sababu nilisikia kwamba malori yalielekea huko. Nilifukuzwa langoni mwa kambi walimofungiwa watu wetu. Nilirudi tena, nikafukuzwa tena.

Miaka ikapita. Watu wakaanza kurudi kutoka kambini, wamekonda, wengine hawasemi. Kila lori lililosimama barabarani nililikimbilia. Mwishowe akaja Karanja, seremala wa shamba la jirani, akaniita kando ya zizi la ng'ombe. Alikuwa kambi moja na Mwangi.

Akaniambia kwamba mwaka ule ule tuliokamatwa barabarani, kabla ya mvua kubwa, alifika kambini ofisa aliyetaka kuwatenga watoto ili warudishwe makwao. Aliwapanga watu wote mstari mmoja. Alipomfikia Mwangi alimtilia shaka, maana ndevu hakuwa nazo, na usiku watu walimsikia akimwita mama yake. Akamuuliza mara mbili kama yeye ni mtoto. Karanja mwenyewe alimfinya mgongoni ili akubali.

"Alisema hapana," Karanja akaniambia, bila kuniangalia usoni. "Alisema yeye ni mwanaume, na kama hawaamini wakamuulize baba yake."

Ofisa akapita. Baridi ilipoingia, homa ya mapafu ikamchukua mwanangu. Karanja alisaidia kumzika. Alizikwa na suruali ile ya kijivu.

Tangu siku ile ya lori, Wanjiru hajaniita tena Baba Mwangi. Ananipikia, ananifulia, lakini akitaka kuniita husema tu, "Wewe." Simlaumu. Kaptura ameikunja chini ya mto wake, na nikiingia chumbani ghafla huifunika kwa kiganja.

Wazazi wenzangu, nawasihi! Msiwaharakishe watoto wenu. Msiwafundishe kuona haya kwa kuwa wadogo. Akitaka kaptura, mwacheni avae kaptura. Akitaka kushika kikombe kwa mikono miwili, mwacheni akishike hivyo hivyo hata kama wageni wanatazama. Siku inaweza kufika ambapo neno moja tu ndilo litakalomwokoa, na neno lenyewe ni lile mlilomkataza kulisema.

Mwanangu alisema niulizwe mimi. Alisema barabarani na akasema kambini. Hakuna aliyekuja kuniuliza.

Basi niulizeni ninyi. Mimi ndiye baba yake. Alikuwa mtoto.