Ng'ombe Wetu Walipolazwa Banda Moja

Nina miaka hamsini na nne, naishi Endagikot, Mbulu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanisamehe nikikosea kuandika. Lakini jina la aliyetumaliza nitaliandika wazi, maana yeye mwenyewe hakuona aibu kulisimulia jambo hili mbele za watu. Anaitwa Paskali. Ni mdogo wa mume wangu, tumbo moja.

Mpaka leo mtu akikohoa kanisani, natoka nje... Nitawaeleza kwa nini.

Sisi huku kwetu hatulazi ng'ombe wote nyumbani. Mmoja unaweka kwa rafiki, wawili kwa shemeji, wengine mbali kabisa. Anayekutunzia anakunywa maziwa na kuchukua mbolea, ila ndama ni wako. Na hakuna anayejua una ng'ombe wangapi! Mume wangu, Baba Neema, alikuwa na ng'ombe Yaeda Chini, alikuwa nao Masakta kule Hanang, na wengine mahali ambapo hata mimi mke wake sikuambiwa. Hapa nyumbani ungeona ng'ombe wawili na punda. Watu walituona maskini, sisi tunacheka moyoni.

Paskali tulimsomesha sisi, tangu baba yao alipofariki. Akamaliza chuo kikuu, akarudi tena kusoma masta. Masta ya ubunifu na ujasiriamali! Nilimuuliza, ujasiriamali nao unasomewa, mbona akina mama wa vitumbua sokoni hawajausomea? Akacheka sana.

"Shemeji, wewe baki na vitumbua. Mimi nasomea kufikiri."

Kumbe masomo yake yalimtaka aanzishe mradi wa kweli, na supavaiza wake angekuja kuukagua. Likizo akaja, akamkalisha kaka yake uani.

"Kaka, una utajiri halafu umeulaza. Ng'ombe wako wananenepesha watoto wa watu. Tuwakusanye, tujenge banda la kisasa, tuuze maziwa. Siku hizi biashara ni huria, Manyara ni mkoa, soko lipo. Mbona unaishi kama babu bado yupo?"

Baba Neema alitazama njiani kama kuna anayesikia. Kisha akasema, "Wakikaa pamoja wataonekana."

"Ndiyo nataka waonekane!"

Angemkatalia vipi? Huyo ndiye aliyekuwa macho yetu!

Wakazunguka kuwachukua. Watu waliwatoa kwa uchungu. Yaeda Chini mama mmoja alimkumbatia ng'ombe shingoni akalia, maana ukimchukua ng'ombe kwa mtu asiyekukosea, ni kama unamwambia urafiki umekwisha.

Aibu kubwa ilitokea Masakta. Mzee Gwandu, rafiki wa marehemu baba mkwe, hakutoa ng'ombe. Alitoa ngozi. Kwetu ng'ombe akifa, aliyemtunza anakuonyesha ngozi ili umwamini. Akasema mtamba wetu mweusi, jike ambaye alikuwa hajazaa bado, amekufa. Lakini ngozi yenyewe ilikuwa imekauka kama ubao!

"Mzee, huyu alikufa lini, enzi za Mjerumani?" Paskali akamkebehi. Akamwita mwizi, wajukuu zake wanasikia. Mzee akaiegemeza ngozi ukutani. Mume wangu naye akaondoka bila kumuaga.

Banda likajengwa, mabati yanang'aa. Siku walipojaa humo nilisimama mlangoni machozi yakanitoka kwa furaha. Sikuwahi kujua kwamba tuna mali kiasi kile! Supavaiza akaja na gari, akapiga picha, akampa Paskali mkono, akaondoka.

Halafu mmoja akaanza kukohoa...

Homa ya mapafu. Walikuwa wamelala pua kwa pua, wakaambukizana wote. Jamani, mmewahi kusikia ng'ombe akikohoa? Anakohoa kama mzee, shingo ameinyoosha, macho anakutazama wewe. Wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Walionusurika, serikali ikaamuru wachinjwe ili ugonjwa usisambae. Hakubaki hata mmoja! Na Paskali? Alishaondoka zamani. Kwenye simu alisema anaandika ripoti.

Baba Neema hakulia. Alianza kutembea.

Kila asubuhi alichukua fimbo, akaenda kwenye boma la mtu aliyewahi kumtunzia, akapiga hodi. "Nimekuja kumwangalia ng'ombe wangu." Mwanzoni watu walidhani anatania. Baadaye wakawa wanampeleka zizini, wanasimama naye kuangalia pale patupu, kisha wanampa uji. Akirudi ananiambia, "Amenenepa." Nyinyi mngeweza kuishi na maneno hayo? Mimi nimeishi nayo.

Paskali alipohitimu, ndugu walimfanyia sherehe mjini Mbulu. Nilikwenda nimemshika mume wangu mkono. Paskali akachukua kipaza sauti. Akasema mradi wake ulikufa, lakini yeye alifaulu vizuri, kwa sababu alichambua vizuri kwa nini ulikufa.

"Bwana mifugo aliniambia wale wa Yaeda Chini niwatenge kwanza, kule kuna ugonjwa. Lakini supavaiza alikuwa anakuja wiki ileile! Nikathubutu. Mjasiriamali lazima athubutu!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Alijua! Alijua, na bado akawaingiza, ili picha ipendeze! Niligeuka kumtazama Baba Neema. Na yeye alikuwa anapiga makofi...

Siku moja baada ya hapo, nikamwona mzee anapanda njia yetu taratibu, anaswaga ng'ombe mweusi na ndama. Alikuwa Mzee Gwandu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Ile ngozi ilikuwa ya ng'ombe wangu mimi," alisema. "Niliwadanganya. Nilisikia mnawaweka wote mahali pamoja, nikaogopa. Nikasema basi mmoja abaki kwa mtu."

Huyu ndiye tuliyemwita mwizi! Baba Neema akatoka ndani. Akamzunguka yule ng'ombe, akashika sikio, akaiona alama yetu. Ndipo akalia, kwa sauti, kama mtoto. Mimi nikakimbilia banda nifungue.

"Hapana, Mama Neema. Asilale humo."

Yalikuwa maneno ya kwanza ya mume wangu yenye akili tangu msiba ule.

Ndugu wasomaji, someni, hata masta tatu someni. Lakini nawaomba, mtoto wenu akirudi na elimu, akataka kila mlicho nacho akiweke mahali pamoja kionekane, mwambieni aanze na cha kwake. Na bwana mifugo mkamuulize wenyewe. Msingoje kusikia ukweli ukumbini, mkiwa mmeshika soda.

Banda bado lipo, tupu. Upepo ukilipiga bati nasikia kikohozi, naziba masikio.

Mume wangu bado anatembea asubuhi. Ila sasa anakwenda boma moja tu, kwa anayetutunzia yule mweusi, na akirudi akisema amenenepa, ni kweli amenenepa. Paskali nimemtaja, aibu yetu nimeitaja. Boma hilo sitalitaja.