Wivu wa Mayai Sita

Odalys Barrera hakwenda Daytona kutafuta mwanamume. Alikwenda kugomba.

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa umefurika Agosti ile. Wazazi walibeba watoto mabegani ili waone, na meza zilijaa vikopo vya plastiki vyenye vichatu vya kila rangi ambayo binadamu amewahi kuitamani: vya njano, vya zambarau, vyeupe pepepe bila doa. Odalys, katika sketi ya kijani na hereni kubwa za duara, alikuwa amesimama mbele ya bwana mmoja aliyeuza chotara, baba chatu wa Afrika, mama chatu wa Burma.

"Hawa Mungu aliwatenganisha kwa bahari," alimwambia. "Wewe ni nani uwakutanishe?"

"Na mbwa wako wa nyumbani je?" sauti ilidakia nyuma yake. "Alishuka kutoka peponi na manyoya yake yamechanwa?"

Odalys aligeuka. Mwanamume mrefu, shati la maua, ndevu nyekundu, jicho la utani.

"Sina mbwa."

"Paka?"

"Sina."

"Mume?"

"Kaka, umekuja kununua nyoka au kuposa?"

"Nyoka ninao wa kutosha," alisema, na yule muuza chotara akashusha pumzi kwa kuokolewa.

Aliitwa Emmett Lyle, fundi wa viyoyozi wa Orlando. Walikula mkate wa Kikuba nje ya ukumbi na wakabishana mpaka mchuzi wa haradali ukakauka kwenye karatasi. Emmett alisema rangi haimdhuru nyoka. Odalys alisema inategemea rangi gani, akamtajia chatu waitwao buibui.

Kila mfugaji anawajua. Ni wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi wanaojiviringa kama mpira wakiogopa, ila hawa wamechaguliwa kwa ajili ya mistari yao myembamba iliyotambaa mgongoni kama utando. Ni wazuri, usiseme. Lakini uzuri huo huja na kichwa kinachotetemeka. Buibui akimlenga panya, hurukia hewa. Wengine hupinduka chali wasijue juu ni wapi.

Emmett aliacha kutafuna.

"Nilikuwa nikiwazalisha," alisema. "Mimi na mchumba wangu wa zamani, Shelby. Mwaka huu mmoja alikufa kwa njaa na panya yuko mbele yake. Shelby akasema ndivyo kazi ilivyo. Aprili nikafungasha, nikaondoka na jike wangu mmoja, Peaches. Buibui sizalishi tena."

Odalys, aliyekuja kugomba, akajikuta hana ugomvi. Alimpenda pale pale.

Mchana alikuwa akisafisha meno ya watu kwenye kliniki, na kila siku saa sita simu ililia.

"Meno mangapi leo, malkia wangu?"

"Mia tatu na kidogo. Na wewe, umepoza nyumba ngapi?"

"Nne. Ya tano ni moyo wangu, umeshindikana."

"Kwenda zako huko!" na wenzake kliniki wakachekea ndani ya barakoa.

Novemba alimwazima Emmett dume lake la chatu, Azafrán, wa njano iliyoiva, akae na Peaches. Wafugaji huazimana madume, kisha hugawana watoto. Lakini humwazimi mtu usiyemwamini, na Odalys hakuwahi kumwazima yeyote. Mama yake alipolisikia hilo alisema, basi huyo utaolewa naye.

Kulikuwa na mwiba mmoja tu, nao ni Shelby. Siku moja wako garini, jina hilo likawaka kwenye simu ya Emmett. Alizungumza dakika mbili.

"Anataka nini?"

"Kidhibiti joto chake kimeharibika."

"Florida nzima hana fundi mwingine?"

"Mpenzi, mimi ndiye niliyekifunga."

Odalys alitazama dirishani hadi walipofika, akiwa amemwona Shelby kichwani kwake: mrefu, kiuno cha nyigu, nywele za dhahabu. Tangu siku hiyo alimlaani kila asubuhi akipiga mswaki.

Julai mayai sita yalianza kupasuka. Emmett alimpigia akihema, "Njoo, njoo, wameanza!" Odalys alikuja mbio na sare ya kliniki. Kwenye mashine ya kutotolea, vichwa viwili vilikuwa vimetokeza. Aliinama, akitafuta ile njano ya Azafrán.

Aliona mistari ya utando.

Tabia ya buibui haijifichi. Mtoto hawi nayo mpaka mzazi wake awe nayo. Azafrán hakuwa nayo. Peaches hakuwa nayo.

"Baba yao nani?" aliuliza polepole.

Emmett naye alikuwa amepauka. "Kapteni. Dume buibui la Shelby. Peaches alikaa naye kabla sijaondoka. Lazima alihifadhi mbegu. Jike anaweza kukaa nazo hata zaidi ya mwaka, unajua hilo."

"Ninajua pia kwamba ndiyo hadithi ya kila mfugaji aliyebambwa."

"Odalys..."

"Dume langu limelala kwako miezi minane, na wewe unampeleka jike kwa Shelby! Nyoka wakafanya yao chumbani, nanyi mkawa mnafanya nini? Mnatengeneza kidhibiti joto?"

"Naapa kwa kaburi la baba yangu, sijakanyaga kwake."

"Usiniapie. Mayai yameshasema."

Alimtia Azafrán kwenye foronya, akaifunga fundo, akatoka. Hakungoja yale manne mengine.

Wiki mbili hakupokea simu. Hakula vizuri, na meno ya watu aliyasugua kwa hasira mpaka mteja mmoja akalalamika. Wivu ukimshika mtu haumwachi akae. Jumamosi asubuhi alivaa gauni jekundu la kubana, akajipaka rangi ya mdomo, akaendesha hadi DeLand, nyumbani kwa Shelby, kumtazama mwizi wake machoni.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi mwenye ovaroli lenye madoa, nywele kafunga kwa mpira wa bahasha.

"Wewe ni Odalys," alisema. "Pita. Umependeza, unakwenda harusini?"

"Nimekuja kumwona Kapteni."

Uso wa Shelby ulisawijika. Alimwonyesha rafu. Palikuwa na kisanduku cha mbao cha majivu, jina limechomwa juu yake, na tarehe: Juni ya mwaka jana. Miezi miwili kabla ya Daytona.

"Alipinduka kwenye bakuli la maji," Shelby alisema. "Kichwa kile. Hakuweza kujigeuza. Maji yenyewe hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu wangu."

"Emmett hajui?"

"Ningemwambiaje? Ndilo tuliloachania. Nilitaka kumwambia siku nilipompigia kuhusu kidhibiti joto, nikashindwa." Alifuta pua kwa mkono wa ovaroli. "Mwambie wewe. Mimi siwezi."

Odalys alisimama na gauni lake jekundu, akaona aibu kuanzia utosini hadi nyayoni. Alikuwa ameivunja nyumba yake kwa kumwonea wivu maiti wa nyoka.

Emmett alipokea simu mara ya tatu.

"Sema."

"Kapteni amekufa. Alikufa kabla hatujakutana. Nimeona kisanduku cha majivu yake. Emmett, nisamehe."

"Alikufaje?"

Alimwambia. Alimsikia akivuta pumzi ndefu.

"Manne yaliyobaki yalitoka ya njano," hatimaye Emmett alisema. "Watoto wa Azafrán, wote. Ungengoja kwa muda wa saa sita tu ungewaona."

"Na wale wawili?"

"Mmoja anakula. Mwingine namshikia panya kwa koleo mpaka ampate. Siwauzi, siwazalishi. Watazeeka hapa."

"Nije?"

"Nitajuaje kwamba kesho hutaamini yai lingine kuliko mimi?"

Odalys alikata simu, akaenda. Emmett alimkuta barazani, macho mekundu, rangi ya mdomo imeshuka kidevuni. Hakumkumbatia.

"Nyoka mgeni akija kwangu namfanyaje?"

"Unamweka chumba chake peke yake siku tisini," Odalys alijibu, "asije akawaambukiza wenyeji."

"Na wewe una ugonjwa."

"Wivu."

"Basi siku tisini. Utakuja kila Jumamosi, utakaa sebuleni, hutaniuliza nimeongea na nani. Zikiisha salama, nakuoa."

Odalys alilia, akacheka, akajifuta kwa kiganja. Akakubali kwa moyo wote. Akakaa kwenye kochi, akatulia kama dakika moja.

"Lakini siku zote hizo tisini, utakuwa unaongea na nani?"

Emmett alimtazama, ndevu zikaanza kutikisika kwa kicheko alichokuwa akikibana.

"Tutaanza kuhesabu kesho," alisema.

Kwa hesabu ya kawaida wangeoana Novemba. Walioana Machi.