Aliyeshika Mlango wa Seva

Kompyuta ilimkatalia Teodori kwa mara nyingine, na safari hii chumba kikanuka ulezi unaoungua.

Alikuwa fundi mpya wa chuo kimoja cha ufundi pale Milanzi. Alipewa kazi ya kusimika seva ya majina, ile mashine inayomtambua kila mwalimu na mwanafunzi kabla hajaruhusiwa kutumia kompyuta yoyote ya chuo. Kwa majivuno yake mwenyewe alisema ataisimika juu ya Linux ya aina mpya, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao hakuna aliyewahi kuujaribu kwa kazi hiyo. Mkuu wa chuo, Bwana Gaudensi, alikubali mbele ya walimu wote, kisha akatabasamu. "Ikishindikana, begi lako unajua lilipo."

"Kaka Teo, unasikia?" Justa alinong'ona. Justa alikuwa karani aliyefanya kazi naye chumba kimoja. Ndiye aliyemwombea ile kazi, na ndiye aliyemletea chai asubuhi hiyo ya upepo mkali. "Kama mtu anasaga."

Teodori alisikia. Jiwe lilikuwa likikwaruza jiwe, polepole, ndani ya seva.

"Feni hiyo," alijibu.

Akarudi kwenye kioo. Kosa lilikuwa lile lile: mlango ambao seva ilitakiwa kupokelea maombi ulikuwa umeshikwa na programu nyingine. Akaitafuta programu hiyo, hakuiona. Akaongeza mafaili yaliyopungua, akafuta kila kitu, akasimika upya, akabadilisha mlango. Mlango mpya nao ukashikwa. Mwisho akaiamuru mashine imuue yeyote aliyeushika, na ukutani, nyuma ya seva, kitu kikaguna kama mtu aliyepigwa teke la tumbo.

Justa alitoka mbio. Teodori alitaka kumfuata, lakini kule kusaga kukahama kutoka ndani ya mashine hadi chini ya meza, na kutoka chini ya meza hadi nyuma ya kiti chake, na ile harufu ikawa nzito hata machozi yakamtoka, na pumzi ya baridi ikampita shingoni, ndipo sauti ya mwanamume mzee ikamwambia sikioni, taratibu, kama anayebembeleza mtoto: "Nipe mtu, nami nitakupisha."

Huko nje Bwana Gaudensi alikuwa akiuliza kama fundi amemaliza.

Kwenye kioo nafasi tupu ilifunguka, ikisubiri jina. Teodori angeweza kuandika lake mwenyewe. Angeweza kuinuka na kwenda zake. Akaandika *Justa Benjamini*, akabonyeza.

Seva ikawaka bila kosa hata moja.

Walimu walimpigia makofi. Justa hakuwepo, alikuwa ameanguka getini, akarudishwa kwao Mazwi akiwa haongei.

Baada ya siku chache mama yake Justa, Rozina, alikuja chuoni. "Anakutaja wewe tu, mwanangu. Twende, pengine akikuona atatulia."

Teodori alimkuta Justa amefungwa kwa vitenge kitandani, kucha zinavuja damu. Pembeni alichutama mganga, mzee Wilibrodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mganga akamgeukia mgonjwa, akasema na kilichomwingia. "Nani alikufungulia?"

Kidole cha Justa kikainuka, kikamwelekea Teodori.

Mzee akashusha sauti. "Basi kazi ni ndogo. Tamka kwamba ulimtoa huyu, na kwamba mgeni aliye ndani yake unamchukua wewe. Atamwachia binti."

"Amtoe nani?" Rozina aliuliza. "Mzee, mbona sielewi?"

"Amenifananisha, mama," Teodori alisema. "Mimi ni mtu wa kompyuta tu."

Hapo macho ya Justa yakarudi kuwa yake, na sauti yake yenyewe ikatoka, nyembamba. "Kaka Teo, sema tu. Inaniuma. Sitamwambia mtu."

Teodori alimtazama.

"Ugua pole, dada," akasema, akachukua koti lake.

Rozina alimsindikiza hadi barabarani, akimshukuru kwa kuja. Walikuwa bado wanaagana kilio cha Justa kule ndani kilipokatika ghafla, na badala yake kikaja kicheko cha mwanamume mzee, kirefu, kicheko cha mtu aliyeshiba. Mama akapiga yowe, akakimbilia ndani.

Teodori alipanda bodaboda. Njia nzima aligeuka kutazama nyuma.

Hakuna kilichomfuata.