Pikipiki Kando ya Korongo

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia gereji ya shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Alivua soksi zisichafuke, akaketi juu ya tairi kuukuu, akaosha plagi na minyororo kwa mafuta ya taa huku akizungumza bila kupumzika. Ndiyo maana aliitwa Chiriku, na hata walimu walimwita hivyo. Shangazi alipenda kusema kwamba gereji yake haihitaji redio, kwa kuwa anayo tayari, ila hiyo yake haina pa kuizimia.

Shangazi alikuwa fundi wa pikipiki, tena fundi hasa. Watu walimletea pikipiki walizokwisha kuzikatia tamaa, nazo zikaondoka zikinguruma. Mwenyewe aliendesha pikipiki ndefu ya milimani, yenye tairi za meno makubwa, na hakuna mlima uliowahi kumrudisha nyuma. Jambo hilo alilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kaka yake, yaani baba yake Chiriku, alifanya kazi katika kituo cha hali ya hewa kilichokuwa juu kabisa mlimani. Alipima mvua, upepo na baridi, kisha akapeleka habari mjini kwa redio. Hakuwa amerudi nyumbani muhula mzima. Chiriku alikuwa na hamu naye kiasi cha kulala akiwa amejifunika koti lake. Kwa hiyo likizo ilipofika na shangazi akasema anampelekea betri na chakula, na kwamba nyuma ya pikipiki pana nafasi ya mtu mmoja mwembamba, msichana huyo alirukaruka mpaka akaangusha ndoo ya plagi.

Mama alikubali kwa sharti moja, nalo lilitoka kwa baba mwenyewe. Walipaswa kulala siku mbili katika kibanda cha wasafiri kilichokuwa katikati ya mlima, ili miili yao izoee hewa nyepesi ya huko juu. Shangazi aliahidi.

Walifika kibandani mchana. Mlinzi wa kibanda aliwakaribisha, akaanza kuwatandikia vitanda. Shangazi alitoka nje, akatazama kilele. Anga lilikuwa jeupe, na hakukuwa na hata wingu moja.

"Wanaolala hapa ni wale wanaopanda kwa miguu," alisema. "Sisi tuna injini. Jioni hii tunakunywa chai na baba yako."

Tayari kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga Chiriku nyuma ya macho. Lakini alikuwa ameahidiwa kumwona baba jioni ile ile! Aliitikia kwa kichwa, na kuitikia kwenyewe kukamuuma. Mlinzi alijaribu kuwazuia. Aliwaambia kwamba anayepanda haraka ndiye anayeumwa zaidi, awe na injini au asiwe nayo. Shangazi alimshukuru kwa adabu, akawasha pikipiki.

Miti iliisha, kisha nyasi zikaisha, yakabaki mawe. Njia ilikuwa na upana wa kitanda. Kulia palikuwa na ukuta wa mwamba, na kushoto korongo ambalo chini yake hapakuonekana. Chiriku alimshika shangazi kiunoni kwa mikono miwili, akafumba macho kila walipokata kona.

Injini ikaanza kukohoa. Shangazi alisimama, akatoa vifaa vyake. Alieleza kwamba huku juu hewa ni chache, na injini ikiendelea kunywa petroli kama ilivyozoea nyumbani, inapaliwa. Akaifungua kabureta ili aipunguzie mafuta. Alipoinama kufanya kazi hiyo, Chiriku alizunguka nyuma ya jiwe, akatapika. Alifuta mdomo kwa mkono wa koti, akarudi kimya.

Shangazi alimuuliza kama hajambo. Chiriku akajibu kwamba ni mzima, naye akamuuliza shangazi hali yake.

"Mzima kama chuma," shangazi alisema.

Lakini alikuwa ameshika skrubu ndogo na haoni tundu lake. Mtu aliyeweza kufunga kabureta akiwa amefumba macho! Skrubu ilimponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Shangazi akacheka peke yake, kicheko kirefu kisicho na sababu.

Hapo Chiriku aliogopa kweli, kwa kuwa hakuwahi kumwona shangazi yake akiwa hivyo. Maneno yalimfika kooni. Hata hivyo, akiyatoa watageuza, na baba atawasubiri bure. Akajikaza kisabuni, akapanda nyuma. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku nyingine shangazi angekishtukia kimya hicho mara moja, lakini siku hiyo hakukisikia.

Ukungu ukashuka ghafla. Pikipiki ilianza kuyumba, na kofia ya shangazi ikawa inainama kama ya mtu anayesinzia. Gurudumu la mbele likaelekea kushoto. Mawe madogo yaliporomoka korongoni, na Chiriku alisubiri kusikia yakitua, asisikie chochote.

"Shangazi, simama," alisema.

Shangazi hakusikia. Chiriku alimpiga mgongoni kwa ngumi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

"Simama, nakuomba. Naumwa."

Breki zilishikwa. Injini ikazimika. Kati ya gurudumu na ukingo palibaki nafasi ya kiganja kimoja. Chiriku alishuka upande wa mwamba, na maneno yote aliyokuwa ameyameza yakatoka. Kichwa kilimuuma tangu kibandani. Alitapika nyuma ya jiwe. Alificha kwa sababu alitaka kumwona baba.

Shangazi alimsikiliza, lakini mkono wake bado ulikuwa unatafuta ufunguo. Alisema wamebakiza kidogo tu, na kwamba yeye hajawahi kurudi nyuma. Ulimi wake ulikuwa mzito. Chiriku aliuwahi ufunguo, akauchomoa, akauficha nyuma ya mgongo.

"Nisamehe, shangazi, lakini sipandi tena. Pikipiki ilikohoa tu, ukasimama ukaitibu. Mimi nimetapika, wewe huwezi kushika skrubu, na bado tunapanda."

Shangazi alivua kofia. Kisha akaketi chini.

"Kichwa changu kinagonga tangu kibandani," alisema. "Nilikuficha ili usiogope."

Waliiegemeza pikipiki kwenye jiwe pale pale ilipokuwa, pamoja na mzigo wake wote, wakaanza kushuka kwa miguu. Walitembea wakipapasa mwamba kwa mkono mmoja na kushikana kwa mkono wa pili. Shangazi alipepesuka mara kwa mara. Mwishowe aliketi na kusema anataka kulala kidogo, kidogo tu, kisha wataendelea.

Hofu ya korongo ilikuwa kubwa, lakini hii iliipita. Chiriku alijiona yuko peke yake ndani ya ukungu, na mtu mzima wa pekee aliyekuwa naye amegeuka kuwa mtoto. Akamvuta mpaka akasimama, akaanza kuongea. Alimsimulia habari za darasani, za paka wa jirani, za mteja aliyetia maji kwenye tangi la petroli, na kila baada ya maneno machache alimtaka ajibu. Aliongea huku akilia, wala hakunyamaza.

Kadiri walivyoshuka, ndivyo shangazi alivyojibu vizuri zaidi. Walipofika kibandani alitembea bila kuyumba. Mlinzi aliwafunika mablanketi, akawapa vinywaji vya moto, akasema wakizidiwa watateremshwa zaidi hata kama ni kwa machela. Kisha akaita kituo cha juu kwa redio. Hakuna aliyejibu. Akaita tena, ikasikika mikwaruzo tu. Alisema kwamba mchana aliwasiliana na baba, akamwambia kuwa wageni wake wamepita bila kulala. Chiriku aliitazama redio ile, na hofu aliyodhani ameiacha kule juu ikamrudia.

Giza lilipoanza kuingia, mlango ulifunguliwa. Baba alisimama pale, magoti na kifua vimejaa matope. Alimtazama dada yake, akamtazama binti yake, akafumbua mdomo. Sauti haikutoka. Akapiga magoti, akamkumbatia Chiriku kwa nguvu mpaka akashindwa kupumua.

Ilichukua muda kabla hajaweza kunong'ona. Alikuwa ameshuka kuja kuwapokea njiani. Akaikuta pikipiki imeegemea jiwe ukingoni, na mzigo juu yake, na watu hawapo. Alilala kifudifudi kwenye ukingo akawaita korongoni, akaita mpaka sauti ikamwishia. Ndipo alipoona nyayo ndogo kwenye matope zikielekea chini, lakini moyo wake haukuziamini mpaka alipofungua mlango.

Shangazi aliinamisha kichwa. Alisema kosa ni lake, kwamba alivunja ahadi na kumdanganya mtoto, na kama si mtoto huyo kusema kweli, wasingekuwa hapo.

"Kila mmoja alimficha mwenzake," baba alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Mficha maradhi kifo humuumbua, na leo kilikuwa kimeshawashika. Mwanangu, mwili ukiumwa, sema mapema. Mwambie hata mkubwa wako. Kama kusema kutaharibu safari, iharibike. Safari hufanywa upya. Mimi leo nimeita jina lako bondeni, nikajibiwa na upepo."

Akamshika mashavu kwa mikono yake yenye matope.

"Sasa niambie. Unajisikiaje?"

Neno "mzima" lilikuwa tayari ulimini. Chiriku alilimeza.

"Kichwa bado kinauma, baba," alisema. "Na niliogopa sana."

"Na mimi pia niliogopa," baba alinong'ona, akamvuta karibu na moto.