Gari Lililohama Kidogo Kidogo

Majirani zangu, na nyinyi msio majirani ila mna ndugu na mna mali ya kugawana, sogeeni karibu. Habari hii si ya kusikilizwa mtu akiwa amesimama mlangoni.

Nyuma ya nyumba iliyopakana na yangu palikuwa na banda la mabati, na ndani ya banda gari la zamani. Rangi yake ya maziwa, viti vya ngozi nyekundu, taa, vioo, vyote vilikuwa vile lilivyotoka navyo kiwandani. Mwenyewe alikuwa fundi saa. Sasa ni marehemu, na mkewe mtaa mzima tunamwita Mama Saa. Yule mzee alilitunza gari lile kwa subira ya kazi yake, akilifuta kwa kitambaa laini hata siku ambazo halikutoka. Akisafiri na watoto, kila alipoegesha alifungua boneti akachomoa rota, kidude kidogo tu, lakini bila hicho injini haiwaki. Alikitia mfukoni mwa shati na kusema, "Mwizi na alivute kwa kamba." Watoto wake watatu walikua wakiliona jambo hilo, na hawakulisahau. Laiti wangelisahau.

Asubuhi Mama Saa alipenda kuketi kiti cha abiria, mlango wazi, mikono mapajani. Jua lilipenya kwenye matundu ya mabati na kuanguka vidoavidoa kwenye kioo cha mbele, na harufu ya ngozi na mafuta ya zamani ikamlewesha. Alikuwa safarini. Nikimpelekea chai alinieleza wamefika wapi. Leo wanapanda kilima, leo mzee amesimama kununua machungwa, leo mvua imewakuta darajani na watoto wamelala. Mimi niliketi nyuma nikisikiliza, chai ikapoa mkononi, na nawaambieni kweli, kuna siku nilihisi gari linakwenda.

Kisha asubuhi moja akaniuliza kwa nini siku hizi ukungu hauondoki hata jua likiwaka. Hapakuwa na ukungu. Siku hiyohiyo nikawaambia watoto wake wampeleke hospitali.

Daktari wa macho aliwaita watoto akawaeleza polepole. Mama yao ana presha ya macho. Ugonjwa huu unakula mwanga kuanzia pembeni kuelekea katikati, na ulichokula haurudishi. Upasuaji ungeokoa kilichobaki, ila wasichelewe. Gharama yake iliwazidi wote watatu, na kitu cha mama yao cha kuuzwa kilikuwa kimoja tu. Mama Saa hakusumbua hata kidogo.

"Liuzeni," alisema. "Safari zenyewe nimeshazikariri."

Basi watoto wakakaa kitako kutafuta njia bora ya kuliuza. Mkubwa, msimamizi wa ghala, tunamwita Bosi kwa jinsi anavyotembea na funguo kiunoni. Yeye alitaka lipelekwe kwa mwenye yadi ya magari kwa mali kauli, alioshe, aliweke mbele, likiuzwa achukue chake. Wa kati, Mama Duka, muuza vitambaa, alitaka picha zisambazwe kwenye simu, wanunuzi washindane, wangoje atakayepanda juu kuliko wote. Wa mwisho ni dereva wa lori. Tunamwita Mtoto ingawa upara wake unang'aa kuliko gari. Yeye alisema likodishwe kwanza kwa maharusi, lionekane, lipate jina.

Kila njia ilikuwa na akili yake, msiwacheke. Ubaya ni kwamba kila mmoja alipomsikiliza mwenzake hakusikia njia. Alisikia fungu ambalo mwenzake atalichota kabla mama hajapata lake. Hawakuambiana. Walitabasamu, wakanywa chai, wakaagana vizuri kabisa.

Akatokea mnunuzi, mwanamke, daktari wa meno mstaafu anayependa magari ya kale. Alilizunguka gari kimya, akatandika boksi chini akalala chali kulitazama tumbo. Lilipowashwa alifumba macho, naye nikamwona ameondoka, yuko mbali kwenye barabara zake mwenyewe. Alitaja bei ya haki, ya kutosha upasuaji na kubaki, akasema anailipa kwa sababu hakuna kilichobadilishwa. Wale watatu wakatazamana. Wakamwomba awape muda wakubaliane.

"Nitasubiri," mnunuzi alisema. "Ila msiliguse. Hata vumbi liacheni."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa iliumiza macho. Wiki zikapita, masika yakaingia, mvua ikawa inanong'ona juu ya mabati mchana kutwa, na Mama Saa akawa analala usingizi mrefu wa mchana. Katika usingizi mmoja kama huo Bosi aliingia bandani. Alihofu wadogo zake watamzunguka na kuliuza peke yao, hivyo akafanya alivyofundishwa na baba yake: akachomoa rota, akaondoka nayo. Siku nyingine Mama Duka akaja na hofu ileile na ujanja uleule. Alipokuta rota haipo alipandwa na hasira, akamwita fundi akamfungulia kabureta nzima, akaizungushia kitambaa kama mtoto mchanga. Mtoto, yule dereva wa lori, alipofika naye akakuta wenzake wamemtangulia. Aling'oa usukani.

Mama Saa ndiye aliyegundua, kwa mikono yake.

"Jirani," aliniambia, "gari langu linahama kidogo kidogo. Jana nilinyoosha mkono nimguse mzee, nikakuta hana hata usukani." Tulicheka. Kisha nikamwona anageuza kichwa kizima kukitafuta kikombe kilichokuwa pembeni yake, na kicheko kikanikauka.

Nilimwendea Bosi nikamweleza. Akanijibu kwa adabu kwamba mambo ya familia yana wenyewe.

Mpaka siku Mama Saa alipojikwaa kwenye beseni la nguo lililokuwa kando ya miguu yake, akaanguka, ndipo wakashtuka. Mnunuzi akaitwa. Alipofungua mlango wa gari alibaki ameushika. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kurudisha, macho chini. Usukani ukatoka kwenye lori, kabureta kwenye kitambaa chake, rota mfukoni mwa shati la Bosi. Fundi akafunga vyote mahali pake. Injini haikuzunguka. Palipotolewa kabureta tundu la kuingilia injini lilikuwa limeachwa wazi, boneti haikufungwa vizuri, banda lilivuja, na masika yote maji yalikuwa yakidondoka humo ndani. Injini ilikuwa imeganda kwa kutu.

"Nilikuja kununua gari," mnunuzi alisema. "Mmeniwekea ugomvi wenu juu ya magurudumu manne."

Hakuwakaripia zaidi. Alimpa Mama Saa mkono, akaenda zake, na gari likaishia kwa muuza vipuri kwa bei ya kusikitisha. Ili kujazia, Bosi aliuza kiwanja chake, Mama Duka akafunga duka, Mtoto akakopa kila mlango uliomfungukia. Hapo walishikamana kama vidole vya mkono mmoja. Nilitamani kuwapiga na kuwakumbatia kwa pamoja. Mbona hili liliwezekana sasa?

Upasuaji ulifanyika, umechelewa. Jicho moja lilikuwa limekwisha. La pili liliokolewa, lakini kilichobaki ndani yake ni kitundu cha katikati, upana wa tundu la ufunguo.

Siku ya kufunguliwa bandeji nilikuwepo wodini. Mwanga wa dirishani ulikuwa laini, mashuka meupe, kila kitu kimetulia. Watoto walisimama kuzunguka kitanda, kila mmoja upande wake. Mama Saa alifumbua jicho, akatazama mbele, akatabasamu.

"Mtoto wangu wa mwisho," alisema. "Wenzako hawakuja?"

Bosi alikuwa kulia kwake, Mama Duka kushoto. Ikabidi wapange foleni miguuni pa kitanda, mmoja aonwe, apishe, mwingine asogee. Mpaka leo wakimtembelea hupeana zamu hivyo hivyo, na hawagombani.

FUNZO

Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, hilo mnalijua tangu shule. Mimi naongeza langu. Mkiuza mali ya mzazi, ketini mbele yake, si nyuma yake. Chagueni njia moja, hata kama si nzuri kuliko zote, mumpe mmoja wenu aisimamie wengine wakiona. Bei bora ni ile inayowahi haja iliyowafanya muuze. Na wewe unayeficha kipande chako ili usipunjwe, kumbuka jambo hili: mzazi aliye hai hana warithi. Ana watoto.