Supu ya Figili Aliyoipika Mwingine

Jioni ile nilitoka kununua figili na tofu tu. Theluji ilishaanza. Katika mtaa wetu wa milimani, huku Akita, nyumba zenye taa zilibaki mbili: yangu na ya Bibi Tomoe.

Tangu mama afariki, nilikula peke yangu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya sosi ya soya. Kuna tovuti ya mapishi humo. Unaandika pishi lako. Mtu akilipika, anakutumia picha. Kila siku inakubembeleza: *Chizuru, wenzako wanasubiri. Tupe pishi lingine.*

Nikaandika supu ya mama ya figili.

Sijanawa hata mikono, picha ikaja.

*Nimepika. Chumvi imepungua.*

Nikacheka. Mama hakuwahi kula chakula changu bila kusema hivyo. Nikaitazama tena ile picha...

Bakuli la buluu. Pengo ukingoni, dogo kama kucha.

Bakuli la mama.

Nililivunja kwa mikono yangu siku jeneza lilipotoka mlangoni. Ndiyo desturi, marehemu asitamani kurudi mezani.

Ningefunga simu. Sikufunga. Nani mwingine alikuwa akila chakula changu? Nikaandika pishi la pili. La tatu. Picha hazikukosa.

Siku ya tisa Bibi Tomoe alinisubiri nje, koleo la theluji mkononi. Akanong'ona:

"Mgeni wako mbona hatoki?"

"Sina mgeni, bibi."

"Mwanangu, usinifiche. Ukiwa kazini, kwako kunanukia supu. Nikasema, huyu kaolewa kimyakimya."

Niliingia ndani. Jiko la baridi. Sufuria kavu. Ila ile harufu...

Nikafungua tovuti nifute kila kitu.

Palikuwa na pishi jipya, kwa jina langu. Sikuliandika mimi. Mchele. Maji ya theluji. Unywele mmoja wa mpishi. *Pakua mabakuli mawili. Mlango usiufunge.*

Chini yake, picha za watu nisiowajua.

*Nimepika. Asante, Chizuru. Mume wangu kala chote.*

*Nimepika. Mwanangu bado ana baridi mwilini, lakini amekaa.*

*Nimepika. Haongei. Si kitu.*

Kidole changu kilikuwa juu ya neno "futa". Nje, taa ya Bibi Tomoe ikazimika.

Nikaiweka simu chini. Nikang'oa unywele mmoja, nikaanza kuosha mchele wa kututosha wawili.