Bendera Ambayo Eliane Hakuiona

Kila siku akitoka shule, binti yangu Eliane huvua sare, hula maharagi yaliyobaki, kisha huchukua bidoni ya lita ishirini na kushuka bondeni. Huko chini ya mtaa wetu wa Mususa sisi akina mama wa kikundi tunatengeneza matofali, na yeye hutuletea maji ya kulainisha udongo. Bidoni anaibeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, kama mimi ninavyobeba matofali, na kama mama yangu alivyobeba mihogo. Ana miaka kumi na miwili.

Mwaka huu kikundi chetu kilipata reli. Msifikiri ni gari moshi. Ni vyuma viwili vilivyolazwa kutoka shimo la udongo huko juu mpaka kwenye tanuru chini, na kigari kimoja kinachoteremka juu yake. Alikitengeneza fundi Lévi, ambaye anachomelea vyuma hapa Mususa. Papa Paulin, fundi mkuu, alitoka Beni kuja kukijaribu kabla hatujakabidhiwa. Tulikuwa tumengoja miezi mingi, na wengine wetu migongo ilikuwa imekwisha.

Njia tunayopitisha matofali kwenda barabarani inakata reli mahali pamoja. Kwa hiyo papa Paulin alisimamisha mti mrefu pale. Bendera nyekundu ikipanda, kigari kinakuja, kila mtu asimame. Mashine ya kukanda udongo ina kelele nyingi, kengele haisikiki, ndiyo maana alichagua bendera.

Siku ya kwanza alijaribu kigari kitupu. Siku ya pili akakijaza mawe, siku ya tatu udongo. Kila mara aliweka vijana wawili watatu kwenye njia, mikono mitupu, nao wakasimama vizuri bendera ilipopanda. Sisi akina mama tuliambiwa tukae kando tusije tukaumia. Papa Paulin alikuwa na karatasi yake, akaweka alama mstari kwa mstari.

Siku hiyo ya tatu Eliane alikuja na bidoni iliyojaa maji. Bendera ilikuwa juu. Yeye akaendelea kutembea pole pole, akakanyaga reli. Nilipiga yowe. Lévi, aliyekuwa amepanda nyuma ya kigari, akavuta breki kwa nguvu zake zote, na kigari kikasimama hatua mbili kutoka kwa mtoto wangu.

Papa Paulin alishuka mbio akamwuliza kama hakuona bendera. Eliane alifungua mdomo, lakini mimi nikamtangulia. Nilisema mtoto huyu ni mtukutu, bendera aliiona, alitaka tu kuwahi, nitamwadhibu mwenyewe. Nikamtazama kwa lile jicho ambalo watoto wote wanalijua. Niliogopa kwamba wakikuta kasoro, kila kitu kitang'olewa na kurudishwa Beni, vyuma vilikotoka.

"Ndiyo, papa," Eliane akasema. "Niliiona."

Papa Paulin akaandika kwamba watoto wasikaribie reli, akaweka alama ya mwisho. Kesho kutwa yake, siku ya ijumaa, angetia sahihi ya kutukabidhi reli mbele ya wageni, na mchungaji angeomba.

Kesho yake Eliane alirudi kutoka shuleni akakataa chakula. Nilidhani ni homa, nikamgusa shingo, lakini haikuwa na moto. Akaniuliza kama kuanzia lundi, jumatatu kazi ikianza, mimi nitakuwa ninapita pale na matofali. Nikamjibu, nitapita wapi kwingine? Alileta mkanda wangu, akafunga matofali kumi na mawili yaliyokuwa nyuma ya nyumba, akaniomba niyabebe nitembee mpaka jikoni.

"Sasa uniambie, mama. Juu ya bati nimeweka nguo ya rangi gani?"

Nilijaribu kuinua macho. Mkanda ulinivuta kichwa, shingo ikakataa. Niliona miguu yangu na kuku mmoja.

"Na mimi niliona vidole vyangu tu," akasema. "Sikuona bendera. Nilidanganya kwa sababu uliniangalia. Mais, lakini mama, kigari kikikugonga, mimi nitabaki na nani?"

Nilimkumbatia vile vile, mzigo ukiwa bado mgongoni. Miaka yote ninabeba, na sikuwahi kufikiri juu ya kitu nisichokiona.

Ijumaa wageni walikuwa wamekwisha kukaa kwenye viti. Nilimwambia papa Paulin kwamba mtoto ana neno, na kwamba mimi ndiye niliyemziba mdomo. Eliane akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Nilikudanganya, papa. Sikuona bendera. Mutu mwenye muzigo hawezi kuangalia juu."

Lévi alicheka, akasema kesho atatuambia hakuona hata mulima. Hapo mama Kaswera, mkubwa wetu katika kikundi, akachukua mkanda wake mwenyewe na kumnyoshea papa Paulin.

"Donc, basi ubebe wewe, papa. Sisi tulikaa kando siku tatu, tukikuangalia unajaribu."

Watu waliguna, maana kwetu mwanamume habebi hivyo. Papa Paulin aliweka karatasi yake juu ya kiti. Kisha akavua koti. Tulimfunga matofali ishirini, akainama, akaanza kutembea kama mzee. Kigari kilifungwa mnyororo. Lévi akapandisha bendera. Papa Paulin akafika kwenye reli, akaivuka, akaendelea mpaka ng'ambo, ndipo akauliza lini watapandisha bendera.

Lévi ndiye aliyemfungua mkanda.

Siku hiyo hapakuwa na sahihi. Mchungaji aliomba, akaenda zake. Lévi alifanya kazi siku nne akaweka miti miwili inayoshuka kwa kamba na kuziba njia pande zote mbili, kwenye usawa wa magoti, pale macho ya mtu aliyeinama yanapofika. Majaribio yakaanza upya, na safari hii tulipita sisi, na mizigo yetu, mama Kaswera mbele. Kila mmoja alisimama penye mti. Eliane naye alipita na bidoni, akasimama.

Ndipo papa Paulin akatia sahihi. Akamwita Eliane mbele ya wote.

"Mimi nilijaribu chuma, nikasahau wenye kupita," alisema. "Wewe ulisema kweli wakati uongo ulikuwa umekwisha kuandikwa. Kweli ikichelewa, bado inaokoa mutu, kama ajali haijafika. Lakini siku nyingine, usingoje."

Ninyi mnaosoma, shikeni neno hilo. Na mkubwa akikutolea jicho ili unyamaze, mngoje mpaka mbaki wawili tu, umwambie tena, kwa heshima. Mimi sikumwadhibu Eliane. Tulipokuwa tunapanda kwenda nyumbani nilimwomba msamaha, naye akanishika mkono mpaka mlangoni.